Mashuka ya Ghorofa ya Tatu

Tarehe 4 Machi

Mwanangu, fundi wangu,

Barua yako nimeisoma kazini, nimeisoma nyumbani, na jana nimemsomea jirani wa mlango wa bluu bila yeye kuniomba. Nilimsomea ile sehemu tu uliyosema msimamizi wenu amekusifu. Akasema, "Kumbe hata jela kuna kusifiwa?" Nikamwambia, "Wako yuko nje miaka yote hii, nani kamsifu?" Akaingia ndani kwake. Mungu anisamehe, siku hiyo chakula kilishuka vizuri.

Bodi ya kuachiwa mapema inakaa tarehe kumi Juni. Nimeshamwambia mkuu wetu wa chumba cha kufulia kwamba siku hiyo mashuka ya hospitali atafua mwenyewe. Akaniuliza, "Una hakika watamwachia?" Nikamjibu, mtu kafungwa kwa kununua kompresa ya friji asijue ni ya wizi, hana ugomvi, hana ulevi, wakubwa anawaheshimu. Wasipomwachia huyo, wanangoja malaika?

Sasa lililonishikisha kalamu ni mdogo wako wa kike. Kitinda haongei. Tangu siku walipokuchukua ni "ndiyo mama", "hapana mama", basi. Shule anakwenda. Akirudi anakaa kwenye kiti chako, anavaa visikizio vyako, anaingia kwenye ule mchezo wenu kwa jina lako. Nilitaka kumkataza. Kisha nikavuta kigoda nikakaa nyuma yake nikikunja nguo, nikaona kumbe ndipo mahali pekee anapokuwa hai.

Wenzako hawajui kama umefungwa. Daktari, Kisigino na yule mwanaume mzima anayejiita Bibi Harusi wanadhani ni wewe, kipaza sauti kimeharibika. Kitinda anawaandikia tu maneno mafupi. Wamekwama kwenye lile jengo refu, lile la kwenda kumtoa mateka juu. Wanaingia wanne, wanakufa wanne. Mimi darasa la saba ndilo lililonitosha, lakini macho ninayo. Tatizo nimeliona kabla yao. Ramani ya mchezo inachora ghorofa zote juu ya mahali pamoja. Unamwona Kisigino amesimama ubavuni kwako, unapumua, kumbe yuko chini kabisa na wewe uko ghorofa ya pili, na hakuna wa kukuinua ukianguka.

Nilipomwambia hivyo Kitinda aligeuka akanitazama. Akasema, "Kaka ndiye alikuwa anajua njia." Maneno matano kwa mpigo, mwanangu. Nilijikaza nisilie.

Basi niandikie njia ya kupanda. Mimi nitamsomea. Nataka utakaporudi ukute ndugu yako ana sauti.

Ni mimi mama yako, ninayetembea kifua mbele


Tarehe 17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu jirani, mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kuna nini. Mimi mzima. Nimepewa kazi ya chumba cha baridi cha jikoni, kile cha kuhifadhia nyama. Kilikuwa kimekufa tangu mwaka jana, nimekifufua. Kwa hiyo hata huku niko na friji zangu.

Jambo moja. Barua yako ilifika na neno moja limefutwa kwa wino kila lilipotokea, lile la kile anachofanya Kitinda kwenye kompyuta. Ofisa wa barua ni mzee mwema. Aliniita akaniambia humu neno hilo ni kamari, na barua zenye kamari zinachanwa. Yeye ameona ni mtoto tu, ameifuta badala ya kuichana. Tafadhali usiliandike tena. Sema kazi, nitaelewa.

Mwambie Kitinda hivi. Wote wanakosea kwa kutaka kupanda moja kwa moja. Ngazi kuu zina walinzi kila zinapokunja kona, na ngazi za kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu zimebomoka. Jengo lile ukitaka kupanda lazima kwanza ushuke. Waingilie jikoni, wafike ghorofa ya kwanza, wapite kwenye tundu la lifti mpaka chini kabisa. Huko kuna chumba cha baridi. Nyuma yake kuna ngazi ya chuma ya mafundi, inapanda hadi ya tatu bila kupitia kwa mlinzi hata mmoja. Ramani haiionyeshi.

Na wasitazame ramani kujua mwenzao yuko wapi. Waulizane. "Uko juu au chini?" Hilo ndilo swali.

Mwambie namkumbuka. Nikirudi tutakaa viti viwili.

Mwanao


Tarehe 30 Machi

Mwanangu mwenye kichwa,

Neno nimelifukia. Mama yako akiambiwa mara moja anasikia, si kama wale wa mlango wa bluu. Kuanzia leo ni kazi.

Kazi imekwenda. Nilimsomea Kitinda barua yako mstari kwa mstari, nikiweka kidole pale nilipofika kama mwalimu wa kusoma. Wakaingilia jikoni. Bibi Harusi akataka kuvunja mlango kwa kishindo kama kawaida yake. Basi, mwanangu, Kitinda akawasha kipaza sauti. Akasema, "Acha. Tunashuka." Daktari akauliza, "Wewe ni nani?" Akasema, "Mdogo wake. Yeye ameniachia njia." Nilikuwa nimeshika taulo la watu mdomoni.

Tangu hapo anaongea nao. Na mimi ananiambia mambo ya shule. Juzi tumebishana kuhusu chumvi kama watu wa kawaida. Wenzako wanakuita Mkuu. Nimewaambia kwa mdomo wangu, kupitia kile kipaza sauti, kwamba mimi ndiye niliyekuzaa. Bibi Harusi akasema, "Shikamoo mama Mkuu." Ana sauti ya mtu wa kilo nyingi.

Wamefika chumba cha baridi, wameiona ngazi ya mafundi, kama ulivyosema. Shida ni huko juu. Kuna walinzi wawili mlangoni kwa yule wa kutolewa. Tuwamalize au tuwapite? Kisigino anasema wamalizwe kimyakimya kwa bastola isiyo na kelele. Kitinda ameapa kwamba mpaka tarehe kumi Juni awe amemtoa mtu, ili siku unayotoka na yeye ana lake la kukuonyesha.

Kila mtu hapa yuko tayari. Tunakungoja wewe tu na neno lako.

Mama Mkuu


Tarehe 13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika nyeusi karibu yote. Nimesoma salamu na "mambo ya shule" na sehemu ya chumvi. Yule mzee amehamishwa, kuna ofisa mpya. Amenihoji kuhusu chumba cha baridi, nani alinipangia kazi ile. Sikuelewa anatafuta nini.

Nakuomba mama, andika habari za nyumbani na za kazini kwako tu. Niandikie habari za mashuka. Hizo hazina shida. Bodi iko karibu.

Mwanao


Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Nimekuelewa. Ulivyoiweka tu, "niandikie habari za mashuka", nikapiga makofi nikamwambia Kitinda, umeona akili ya kaka yako? Hakuiokota njiani. Huyo ofisa mpya anasumbuka na maneno ya bunduki, nami sipendi kumsumbua mtu na kazi yake. Basi tutaongea kwa lugha ya kufulia, hata yeye apumzike.

Wale wanaosimama mlangoni tunawaita mashuka. Ile isiyo na kelele ni pasi baridi. Ya kulipua mlango ni sabuni. Na yule tunayekwenda kumtoa ni foronya. Kitinda amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Mama, na anayesoma akijiuliza?" Nikamwambia, "Ajiulize nini? Nimefanya kazi kwenye mashuka tangu hujazaliwa. Nani ana haki ya kuandika mashuka kunizidi?"

Sikiliza sasa. Mashuka mawili ya ghorofa ya tatu yako palepale. Daktari na Kisigino wanapitia chumba cha baridi wakiwa na pasi baridi, Bibi Harusi anabaki chini na sabuni kwa dharura. Kitinda ndiye anayekwenda kuichukua foronya. Tumejaribu mara nyingi. Kila mara shuka moja linageuka kabla hatujafika. Je, lina saa yake ya kugeuka? Wewe uliye karibu zaidi na mambo haya tuambie.

Shati lako jeupe nimelipiga pasi. Pasi ya moto, hii si lugha, ni shati kweli.

Mama yako, bingwa wa mashuka


Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Hujajibu. Najua posta ina miguu yake, lakini tumezoea wewe ukijibu. Nimekwenda kuuliza posta mara mbili, yule binti wa dirishani sasa akiniona tu anatikisa kichwa.

Nina habari njema ya kukutuliza. Bodi imeshaanza kukuangalia. Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili nyumbani, wamevaa vizuri, viatu vinang'aa. Nikajua tu, hawa wanakuja kuona mtu anarudi kwenye nyumba ya namna gani. Nikawakaribisha, nikafuta viti. Jirani wa mlango wa bluu alisimama nje muda wote akijifanya anafagia.

Mmoja akasema, "Mama, mwanao anazungumza nawe kuhusu chumba cha baridi?" Nikasema sana, hakuna anayekijua kama yeye. Akauliza, "Na ngazi ya mafundi nani aliigundua?" Nikamwambia yeye mwenyewe, mwanangu jengo akiingia mara moja halimpotei, hata lile lisiloonyeshwa kwenye ramani yeye analiona. Waliandika yote. Nikaona leo ndiyo siku ya kukupamba.

Akauliza, "Daktari na Kisigino ni kina nani?" Nikasema ni watu wake, wanamwita Mkuu, akisema shukeni wanashuka, akisema pandeni wanapanda. Wakatazamana. Kitinda alisimama akataka kusema kitu, nikamkatiza, nikamwambia wakubwa wakiongea mtoto anangoja. Yule mwingine akauliza, "Na binti naye yumo?" Nikasema huyu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote.

Waliondoka na kompyuta. Walisema wataitazama na kuirudisha. Nikawafungia vizuri kwa taulo isichubuke.

Kitinda tangu siku ile amenuna. Amesema jambo moja tu, "Mama, hukuwaambia ni mchezo." Nimelifuta kwenye kichwa changu neno hilo tangu Machi, mwanangu, kwa sababu ulisema ni kosa. Nimeliandika hapa, watanisamehe. Nijibu, hata mstari.

Mama


Tarehe 3 Juni

Kwa mama wa mfungwa,

YAH: JARIBIO LA KUTOROKA

Unaarifiwa kwamba ukaguzi wa barua zako za tarehe 30 Machi na 26 Aprili, pamoja na maelezo uliyoyatoa mwenyewe nyumbani kwako mbele ya maofisa wawili, umebainisha mpango wa kumtorosha mfungwa kupitia chumba cha baridi cha jiko la gereza, kwa kutumia silaha, ifikapo tarehe 10 Juni.

Mfungwa alipohojiwa mara ya kwanza alidai kwamba ni habari za mchezo. Baada ya mahojiano zaidi amekiri kwa maandishi na kutia saini. Amesisitiza katika maelezo yake kwamba mpango ulikuwa wake peke yake, na kwamba mama yake na mdogo wake walitumiwa bila kujua maana ya walichokuwa wakiandika. Kwa sababu hiyo ninyi wawili hamtashtakiwa.

Kikao cha bodi kuhusu mfungwa huyu kimefutwa. Ameongezewa kifungo cha miaka minne. Kuanzia sasa barua kati yenu ziwe za ukurasa mmoja, zihusu afya na salamu tu.

Ofisa wa Ukaguzi wa Barua


Tarehe 11 Juni

Kwa Bwana Ofisa wa Barua,

Mimi ndiye yule mama uliyemkuta jana getini akiwa na binti na kompyuta ya kuazima. Tulikuja siku ileile ya bodi kwa sababu ruhusa ya kazini nilikuwa nimeshaomba, nikaona nisiirudishe.

Nakushukuru kwamba ulitoka. Ulisimama ukatazama. Umeona mwenyewe jiko la kwenye kioo, tundu la lifti, chumba cha baridi, ngazi ya chuma. Umewaona walinzi wawili pale mlangoni. Ulisogea karibu kabisa, ukasema, "Hawa ndio mashuka?" Nikasema ndio hawa. Ukavua kofia.

Nakuomba sasa uandike ulichokiona. Wewe si mtu mbaya, nilikuona uso. Mwanangu hakupanga kutoroka. Alikuwa anamfundisha mdogo wake kupanda ngazi. Aliyeandika mashuka ni mimi. Yeye aliniambia nimwandikie habari za kazini, nami nikajiona mjanja. Watu wote mtaani wananijua, nikipata cha kusifia sijui kunyamaza. Kama kuna miaka minne mahali, hiyo ni ya mdomo wangu, nipeni mimi. Najua kufua, mtanipa kazi.

Na binti yangu, Bwana Ofisa, hajasema neno tangu nilipomsomea barua yako. Hata "ndiyo mama" imekwisha. Jana alikuonyesha yote kwa kidole, labda ulidhani ni bubu. Si bubu. Mwezi wa nne alikuwa akiongoza watu watatu.

Ni mimi, mfua nguo wa hospitali


Tarehe 24 Juni

Mama,

Barua yako nimeisoma nje ya saa za kazi na naijibu kwa kalamu yangu, kwa hiyo usiionyeshe mtu.

Niliuona mchezo. Niliporudi nyumbani niliukuta hata sebuleni kwangu, mwanangu mwenyewe anaucheza na hajawahi kuvuka ghorofa ya kwanza. Nimepeleka taarifa kwa wakubwa. Wamenijibu kwamba kama ulikuwa mchezo, kwa nini mtu mwenye akili timamu akiri? Nikiwajibu swali hilo lazima niandike alihojiwa vipi, na waliomhoji ndio wanaotia saini ya mshahara wangu. Saini ni yake, mama. Mimi sina uwezo wa kuifuta.

Alikubali pale walipomwambia kwamba asipokubali watakwenda kumchukua binti. Nilikuwepo. Nimeona ulijue hilo.

Ofisa


Tarehe 8 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua hii anaiandika mwenzangu wa kitanda cha juu, mimi namtajia maneno. Mkono wa kulia haujakaa sawa lakini daktari wa huku anasema vidole vitarudi. Sijapewa tena kazi ya jikoni. Nalala vizuri.

Nimeruhusiwa afya na salamu. Afya ni hiyo. Salamu zangu kwako, uache kujilaumu, kama unajilaumu. Salamu kwa Kitinda. Naomba uniambie kitu kimoja tu, je, anaongea? Kama anaongea basi haya mengine nayaweza.

Mwanao


Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Mimi mzima. Miguu inavimba kidogo jioni, ni kusimama, siyo ugonjwa. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kukaushia mashuka, na ofisa akisoma hapa ajue ni mashuka ya wagonjwa, ya pamba.

Mkono uukande kwa maji ya uvuguvugu, ukunje vidole kimoja kimoja, usivilazimishe. Kula hata kama hujisikii.

Umeuliza kuhusu mdogo wako. Ni mzima. Anaongea, mwanangu. Anaongea asubuhi akifunga kamba za viatu, anaongea akila, mpaka namwambia mwanangu hebu pumzika koo. Hivi ninavyoandika amekaa hapa karibu yangu, ananielekeza kwa kidole nini nikuandikie, ananikosoa herufi, amekataa kabisa kunyamaza. Jirani wa mlango wa bluu amekuja kulalamika kuhusu kelele. Kitinda anasema nikusalimie sana. Anasema maneno ni mengi, ukurasa ndio mdogo.

Mama yako